Meza, Kisha Useme

Mimi si daktari. Nimewaambia mara ngapi.
Daktari yuko chumba cha ndani, yule mwenye kalamu
ya kupandisha na kushusha. Mimi nina dirisha,
pampu, vikombe vya plastiki, daftari la mistari myembamba.
Saa moja na nusu asubuhi nafungua komeo.
Foleni imeshafika kwenye mwarubaini,
wengine wamechuchumaa, mmoja anapiga mswaki.

Kazi yangu ni hii: jina, kidole, namba,
nimtazame macho (kalewa? kasinzia?),
nimimine, nimpe, atie maji kikombeni,
asuuze, anywe tena, lisibaki hata tone.
Halafu namwambia, "Sema."
Maana kinywa kilichoficha dawa hakisemi vizuri,
na nje ukutani wapo wanaoinunua pamoja na mate yake.

Wengi husema "Ahsante, dokta." Basi.
Ussi Shaame hakusema hivyo hata siku moja.
"Pweza Darajani leo hashikiki."
"Jang'ombe hakuna umeme tangu alfajiri."
"Nimemuota ng'ombe anasoma gazeti."
Mwaka na miezi miwili, kila siku neno jipya,
na mililita kumi na sita hazijapata kubaki.

Wapo wanaosema tumewahamisha tu,
unga wa kichochoroni kwa unga wa serikali.
Hata shangazi yangu, juzi, tukichambua mchele:
"Mwanangu, hao watakunywa mpaka lini?"
Nikamuuliza vidonge vyake vya presha ataacha lini.
Akachambua mchele.

Jumatatu Ussi hakuja. Nikaandika H.
Jumanne H. Jumatano
nikamwita Mkadam, ambaye naye anakunywa hapa,
mwaka wa nne sasa, na ndiye anayejua
ngazi zipi za Michenzani mtu hujikunyata
arosto ikimshika, mifupa ikilia kama mlango mbovu.
Akazunguka. Simu imezimwa. Chumbani godoro lipo, redio ipo.
"Redio ipo ni habari njema," Mkadam akasema.
"Anayerudi kule huanza na redio."

Siku ya sita kaja. Jasho, kamasi,
mikono imejikumbatia.
"Nipe kumi na sita yangu."
Siwezi. Siku tano, mwili umeshasahau;
kilichokuwa dawa Jumapili
leo kinaweza kumlaza asiamke.
Nikamwambia polepole, kama unavyomtajia mtu bei
na unajua hana: "Pita kwanza kwa daktari."
Akanitukana. Akanitukania mama.
Foleni ikacheka, kisha ikanyamaza.
Sikufunga dirisha. Hilo sikufundishwa kozini,
kanifundisha Mkadam: watukane wee, usifunge.

Akatoka na karatasi. Sita.
Nikamimina sita. Ndani ya kikombe kile ilikuwa kama utani.
Akanywa, akasuuza, akanywa maji.
"Sema," nikamwambia.
Kimya.
Nikangoja. Mlinzi akakohoa.
"Ussi, lazima useme."

"Nimemzika mama. Wete. Niliwahi boti ya usiku,
sikuwa na nafasi ya kuja kuaga."
Akafuta pua kwa mkono wa shati.
"Na sikugusa kitu. Nilitapika pale pale matangani,
watu wakadhani ni uchungu."

Kinywa kilikuwa kitupu.
Nikaandika: 6. Amesema.
Pembeni, pasipo na mstari, nikaandika Wete,
ili daktari asipouliza, aone.
Mkadam akamchukua, wakakaa kwenye benchi la nyuma
mpaka adhana ya adhuhuri, sijui waliongea nini.
Mimi nilikuwa na watu themanini na mmoja.

Sita. Sita. Nane. Kalamu ya ndani haina haraka.
Akawa anakunywa, anasema "Haya," anaondoka,
na mimi naandika amesema, ingawa "haya" si neno la Ussi.

Mpaka Alkhamisi ya pili:
"Ndizi za mkono wa tembo zimepanda."
Dirishani hatupigi soga. Foleni ndefu, jua linakuja.
"Zimefika ngapi?" nikamuuliza.